Siku moja maishani mwangu: wiki ya mwisho Matsue, Japani

Saa kumi na moja na nusu alfajiri naamshwa na nyenje, ambao mwezi wa Julai hawamwachi mtu alale. Saa yangu ya mkononi sijaibadilisha tangu nilipopanda ndege Nairobi mwaka jana, wala si kwa uvivu: Japani imeitangulia Kenya kwa saa 6 kamili, kwa hiyo mishale iliyobaki katika majira ya nyumbani hunionyesha saa za Kiswahili za hapa bila hesabu yoyote. Walimu wenzangu wanadhani imeharibika.

Kabla ya kazi nahangaika na friji. Nchini humu friji, televisheni, kiyoyozi na mashine ya kufulia havitupwi pamoja na taka nyingine. Kwa sheria iliyoanza kutumika mwaka 2001, anayekiacha chombo ndiye anayelipia urejelezaji wake. Nililipa kuipata friji hii ya mtumba, na sasa nalipa ili iondoke.

Saa mbili kasorobo napita kwa baiskeli kando ya handaki la maji la ngome, mbele ya nyumba aliyoishi mwandishi Lafcadio Hearn. Naye alikuja hapa mwaka 1890 kufundisha Kiingereza, na mwaka 1891 akahamia Kumamoto. Alikaa mwaka mmoja na ushei tu na mji haujamsahau, ingawa yeye alikuwa na kalamu, na mimi nina kadi za picha.

Saa nne ninaingia katika kipindi changu cha mwisho. Mwaka mzima nimepambana na irabu ambazo wanafunzi huzipachika mwishoni mwa maneno ya Kiingereza, huku nikijua moyoni kwamba sina haki ya kuwacheka, kwa sababu wao wanasema "kurabu" na sisi tunasema "kilabu", na sote tumelitoa neno hilo kwa Mwingereza mmoja. Leo wananikabidhi kadi ngumu ya mraba iliyojaa maandishi madogo yanayoizunguka kama miale ya jua. Pembeni, kijana ambaye hakuwahi kunyoosha mkono darasani ameandika kwa herufi zao silabi nne: a-sa-n-te. Akaisoma kwa sauti, bila kosa hata moja. Mwalimu wa Kiingereza nilishukuriwa kwa Kiswahili, nami nilifurahi kuliko inavyostahili.

Chakula cha mchana tunakula darasani pamoja na wanafunzi: wali, samaki, na mchuzi wa kombe wadogo wa Ziwa Shinji. Kisha kila mtu anashika ufagio au kitambaa.

Saa nane naomba ruhusa niende ofisi ya manispaa kuandikisha kuhama kwangu, ambako majina yangu matatu, kama kawaida, hayaenei katika visanduku vya fomu. Michango yangu ya pensheni nitaidai nikiwa nyumbani, kabla ya kupita miaka 2 tangu kuondoka. Humo hukatwa kodi ya asilimia 20.42, na anayetaka kurudishiwa kodi hiyo sharti aache mtu hapa wa kumwakilisha katika ofisi ya kodi. Mwalimu wa hisabati, mama wa makamo, amekubali kunisimamia. Alijaza karatasi zote kimya, kisha akauliza swali moja tu: je, huko kwetu kuna joto kama hili? Nilipomwambia kwamba Voi mwezi huu usiku watu hujifunika blanketi, alinitazama kama mtu anayedanganywa.

Jioni napima mizigo: masanduku mawili, kilo 23 kila moja. Vitabu vinatoka, kisu cha jikoni alichoagiza Mama kinabaki, na ile kadi naitandaza katikati ya nguo isije ikakunjika.

Saa tatu usiku Mama anapiga simu ya video.

"Kisu umekifunga wapi, mwanangu?"

"Kwenye sanduku linalokwenda chini ya ndege, Mama, si kwenye mkoba."

"Na huko ni saa ngapi?"

Natazama mkono wangu. Kwenye simu, nyuma ya Mama, naiona saa ya ukutani ya sebuleni kwetu, na mshale wake mfupi umesimama kwenye 3, sawasawa na wangu. Yeye anausoma saa tisa alasiri.