Wanangu wamezaliwa kambini lakini kwao wanakujua, hivi ndivyo tulivyofanya

Naandika hii kwa sababu wanawake wenzangu tulioolewa na askari wananiuliza sana, mama Koku umewezaje, watoto wote wamezaliwa kota, zile nyumba za askari kambini, wamehama kambi mpaka basi, ila ukiwauliza kwao wapi wanakutajia mkoa, wilaya, kijiji mpaka jina la babu wa babu yao. Jibu langu ni refu kidogo, mnivumilie.

Mimi ni Mngoni wa Songea, mume wangu Mhaya wa Muleba, yaani mmoja katoka kusini kabisa na mwingine ng'ambo ya ziwa, tukakutana Dar. Watu wanadhani nimeolewa Bukoba, hapana jamani, mimi nimeolewa kota. Vyumba viwili na sebule, ukuta mmoja kwa jirani Mkurya, mlango wa pili Msukuma, mbele Mmakonde, na uhamisho ukitoka mnaagana kwa machozi halafu mnaenda kuanza upya na majirani wengine. Watoto wanaokulia humo Kiswahili chao kimenyooka na wana mila zao wenyewe za kambi. Saa kumi na mbili jioni bendera ikishushwa mpira unasimama palepale, mwanangu wa mwisho alikuwa hata kuongea vizuri hajui lakini anasimama wima mikono imebana ubavuni, mpira unabiringika zake mtaroni na hakuna anayeufuata. Kumsalimia bibi yake kwa kupiga goti hajui, bendera anaijua.

Sisemi ni vibaya. Jeshi letu lilianzishwa upya tarehe 1 Septemba 1964 baada ya yale maasi ya Januari, likachukua vijana kila kona ya nchi likawachanganya, na matunda yake ndiyo haya, wanangu hawajui ukabila ni mdudu gani. Nashukuru sana kwa hilo. Ila kutokuwa mkabila na kutojua kwenu ni vitu viwili tofauti, na mimi hilo la pili lilinistua pale Koku alipoulizwa shuleni kwenu ni wapi akajibu bloku C. Baba yake alicheka, mimi nikacheka, bibi yake alipohadithiwa kwenye simu hakucheka hata kidogo.

Kwanza nikasema sitaki mambo ya kumvalisha mtoto vazi la asili mara moja kwa mwaka kwenye sherehe ya shule, apigwe picha, likunjwe. Hiyo kwangu ni maigizo. Nilitaka kitu kinachofanyika ndani ya nyumba siku za kawaida, na kinachobebeka, maana sisi ni watu wa kuhama. Tukaanza na kahawa. Wahaya mgeni akifika anapewa kahawa ya kutafuna, siyo ya kunywa, ni zile buni zimechemshwa na majani yenye harufu nzuri zikakaushwa na ganda lake, unaipasua kwa meno unatafuna taratibu. Mama mkwe alinitumia mfuko kwa basi pamoja na kikapu kidogo chenye mfuniko, nikasema kuanzia leo anayeingia humu ndani, awe afande awe fundi wa maji, mtoto ndiye anampelekea kikapu kwa mikono miwili na anasalimia kwa heshima. Majirani mwanzoni waliona tunawapa dawa za kienyeji, yule Mkurya aliitema! Sasa hivi wengine wanakuja kuiulizia.

Na kahawa ilileta maswali yenyewe, ndiyo raha yake. Koku akapasua moja akakuta punje mbili zimelaliana, akampigia babu yake kuuliza mbona ziko mbili, mzee akamweleza kuwa zamani watu wawili wasio ndugu wakitaka kuwa ndugu wanachanjiana, wanagawana zile punje mbili za tunda moja zikiwa na damu, na kuanzia hapo ukimtenda vibaya mwenzio umejitenda mwenyewe. Mtoto wa kambi hilo analielewa haraka kuliko wa mtaani, maana anamwona baba yake na askari wenzake wanavyoitana ndugu.

Tulinunua pia tranka, lile la bati kama la bodingi. Humo kuna kikapu cha kahawa tukihama, kuna kipande cha lubugo, ile nguo ya gome la mti, kuna picha za ukoo, daftari la majina, na upande wangu kuna kanga ya marehemu bibi yangu. Sheria ya nyumba, likishushwa kwenye gari la uhamisho linaingia ndani kabla ya vitanda na watoto ndio wanaolibeba. Mume wangu aliona ni fujo, ila sasa yeye ndiye mkali kuliko wote.

Upande wangu nao sikuuacha, si kwamba nimeolewa basi Ungoni umekufa. Kila tarehe 27 Februari nawakalisha nawaambia habari ya 1906, Wajerumani walivyowanyonga wakubwa wetu pale Songea baada ya vita ya Majimaji wakawazika kaburi moja, na huo mji wenyewe jina lake ni la Nduna, yaani mkuu wa vita, Songea Mbano ambaye naye alinyongwa. Nilitaka wajue shujaa si lazima awe amevaa kombati. Kijana wangu wa kati aliniuliza sasa mama, baba anafanya kazi jeshini na babu zako walipigana na jeshi, tuko upande gani? Nikamwambia kamuulize baba yako, nikaenda jikoni.

Kazi kubwa kuliko zote ilikuwa kumfungua mdomo baba mkwe. Mzee alikwenda vita ya Kagera. Majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalipoingia mwishoni mwa Oktoba 1978 yeye alikuwa kijana wa mgambo, akachukuliwa, na Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979 alikuwa bado hai, ndiyo maneno anayosema, nilikuwa bado hai, basi, hapo anafunga. Mume wangu kakua bila kusikia zaidi ya hapo. Watoto wakaenda na swali la kitoto, babu uliua watu wangapi, mzee akanyanyuka akaenda migombani mpaka jioni.

Nikawafundisha wasiulize vita, waulize vitu. Viatu ulivaa vipi, mlikula nini, ukiandika barua nani anaipeleka. Jamani mzee aliongea! Alianza na viatu, kwamba Uganda ile wameitembea kwa miguu kwa sehemu kubwa, viatu vikilowa havikauki, unalala navyo kwa sababu ukivivua mguu unavimba huvivai tena, na kuna rafiki yake alikuwa anakata vipande vya shati kufunga vidole. Akaonyesha kwa kidole chake mwenyewe jinsi ya kufunga, kutoka juu kushuka chini, kwa upole kama anamfunga mtoto. Yule rafiki hakurudi, hilo alilisema katikati ya habari za viatu bila kubadilisha sauti. Koku alikuwa ameweka simu inarekodi, tulimwomba ruhusa kabla, akasema rekodini lakini msiwape watu wa redio.

Baada ya hapo mwenyewe ndiye akasema twendeni Kyaka. Tukavuka lile daraja la mto Kagera, akawaonyesha watoto, hapa adui walivunja ili tusivuke, jeshi likajenga lingine la chuma likapita. Akawaonyesha na magofu ya kanisa. Siku nyingine tukaomba ruhusa tukaenda Kaboya walikozikwa mashujaa wa ile vita, ni huku huku Muleba. Sasa tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, kwetu siyo gwaride la kwenye tivii tu, watoto wanampigia babu asubuhi kabla hata hatujanywa chai. Zamani siku hiyo mzee alikuwa anazima redio.

Kuna kipindi baba yao alienda misheni ya kulinda amani Kongo. Hapo mila zote hizi ndipo nilijua kazi yake, maana nyumba ya askari aliye misheni ina ukimya fulani hivi, mwenye kuishi humo anaujua. Nilimwambia kabla hajaondoka sitaki meseji za vipi hali, nataka uwarekodie hadithi za kwenu, kila ukipata netiweki tuma kipande. Akawa anatuma, nyingine ziko katikati ya upepo na jenereta husikii vizuri, watoto wanabishana sungura alisema nini. Desemba 2017 zilipokuja habari za askari wetu kuuawa kule Beni, wanawake wa kota tulikaa nyumba moja usiku kucha, aliyejua sala alisali, aliyejua kupika uji alipika, na hakuna aliyeuliza mwenzie kabila. Mume wangu alipopiga hatimaye nilishindwa kuongea nikampa Koku simu. Yeye akamwamkia baba yake Kihaya, kwa yale maneno machache anayoyajua.

La mwisho ni kibanja, yaani shamba la nyumbani la ukoo, na hapa nawasisitiza wenzangu hata kama mna mila tofauti na zetu. Kota ni ya serikali, siku ya kustaafu unarudisha funguo. Nimeona familia zimefika siku hiyo hazina pa kwenda, watoto hawajawahi kukanyaga kwao na mashamba wamejigawia watu. Kwa Wahaya makaburi ya ukoo yako kibanjani humo humo katikati ya migomba, kwa hiyo kila likizo tukifanikiwa kwenda, kazi ya kwanza watoto wanazungushwa kwenye mipaka yote na babu yao, wanaonyeshwa ile mimea ya mipakani ya mlamula mmoja mmoja na jirani wa kila upande ni nani. Wakibahatisha na msimu wa senene ndiyo basi tena, mipaka yenyewe wataikagua usiku. Wazo la kujenga tumeanza pole pole, msingi upo, hela ya bati bado.

Sasa hivi Koku kamaliza kidato cha sita anasubiri majina ya wanaokwenda JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, kwa mujibu wa sheria. Babu yake kasema haendi popote mpaka apite kwanza nyumbani abarikiwe, sisi tunamwambia baba majina bado hayajatoka na nauli ya kuzunguka huko na kurudi ni kubwa, yeye anasema nauli atauza kahawa, halafu anauliza tena kwa mara nyingine, amepangiwa kambi gani?