Kantangaze anaishi ndani ya jani, sio juu yake

Wengi tunaolima nyanya tunamjua kantangaze kwa uharibifu wake tu, majani yameungua matunda yana vitobo basi. Ila huyu mdudu ukijua anavyoishi ndo unaelewa kwa nini dawa zinagoma.

Ni nondo, tena kadogo sana, milimita 5 mpaka 7 hivi, kijivu chenye madoadoa, mchana kamejificha kwenye majani. Jike anaweza kutaga mpaka mayai 260 na anayabandika moja moja, sanasana chini ya jani. Yai likianguliwa kiwavi anatoboa jani anaingia kati ya ngozi ya juu na ya chini, anakula nyama ya katikati.

Chuma jani lenye baka jeupe ulinyanyue juani. Utaona pale pamebaki pembamba kama karatasi, mwanga unapita, ndani kuna vinyesi vyeusi vimerundikana na pembeni yupo kiwavi mwenyewe, kijani au pinki kidogo, na kimstari cheusi nyuma ya kichwa. Ukikuta kinjia chembamba kinachojikunjakunja huyo sio yeye, hiyo ni kazi ya inzi mchimba majani. Watu wanauziwa dawa ya huyu kumuulia yule, hela inaenda na nyanya zinaenda, inaniuma sana.

Akishakua anatoka, wengi wanadondoka chini wanageuka pupa (hatua ya kulala kabla ya kuwa nondo) kwenye udongo, na kukiwa na joto mzunguko mzima haufiki hata mwezi. Sasa wewe umepiga dawa leo asubuhi, aliye ndani ya jani kafunikwa, aliye udongoni haijamgusa, na wale wachache waliopona ndo wanazaa watoto sugu, wiki ijayo unaongeza dozi.

Kwao ni Amerika Kusini, mtaalamu wa wadudu Meyrick alimwandika kwenye sayansi mwaka 1917 kwa nondo waliotoka Peru. Mwaka 2006 akaonekana Hispania, akavuka Afrika Kaskazini, kufika 2014 tayari yuko Kenya na Tanzania. Shida ni kwamba alikuja bila maadui wake wa kule. Ndo maana mimi nawakubali sana ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu pale Nairobi, walifuata adui wake hukohuko Peru, kinyigu kidogo kinaitwa Dolichogenidea gelechiidivoris, kinataga yai ndani ya kiwavi na mtoto wa nyigu anamla kiwavi kwa ndani, yaani kinamfuata mpaka alikojificha ambako bomba lako la dawa halifiki. Lakini ukipiga sumu kali kila baada ya siku mbili na kenyewe unakaua.

Mitego ya feromoni (harufu ya jike inayovuta madume) wekeni, ila inanasa madume tu kwa hiyo itumieni zaidi kujua kaingia lini. Na jamani ukimaliza kuvuna ng'oa miche yote uichome au uifukie, usiiache shambani inakauka taratibu huku jirani anapanda mipya, na mnavu wa pembeni nao uangalie maana humo pia anazaliana.