Siku tatu za kulitafutia kufuli daftari la zabibu

"Mwanangu, simu inaniambia hapa si salama. Nibonyeze tu kuendelea kama ulivyosema juzi?"

Ujumbe huo ulinikuta nyumbani Area C, Dodoma, saa moja asubuhi, chai bado iko jikoni. Aliyeutuma ni mama katibu wa chama chetu cha wakulima wa zabibu upande wa Hombolo, na aliambatanisha picha ya kioo cha simu yenye onyo jekundu. Kilichoniuma ni hayo maneno ya mwisho, kwa sababu ni kweli nilimwambia hivyo. Mama huyu anatunza majina, namba za simu na malipo ya wenzake, nami nilikuwa nimemfundisha kuruka onyo lililowekwa kumlinda. Nikamjibu: "Shikamoo mama. Usibonyeze. Leo pimeni kwa daftari la karatasi, nitakwambia lile la kwenye simu likiwa tayari."

Zabibu haisubiri. Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka, na kreti zikishafika kwenye mzani lazima kilo ziandikwe papo hapo, maana tunda lililokatwa halina siku nyingi. Nilikuwa na siku chache tu.

Mambo yalikuwa hivi. Programu yetu ya kuandika mizani inaishi ndani ya kontena la Docker, yaani kisanduku kinachoitenga na programu nyingine, kwenye seva ya wingu (kompyuta ya kukodi inayofikiwa kwa intaneti) yenye mfumo wa Ubuntu. Programu yenyewe ndiyo iliyobeba cheti, kile kitambulisho cha tovuti ambacho kivinjari hukikagua, tena cheti nilichojitengenezea. Cheti cha namna hiyo kinasimba mawasiliano yasisomwe njiani, lakini kivinjari hakina namna ya kujua kama kimetoka kwangu au kwa mwizi aliyekaa katikati ya njia, ndiyo maana kinapiga kelele. Nikaamua kufanya inavyotakiwa: chama kitumie domeni yake, yaani jina lake la tovuti, Nginx ikae mbele kama proksi, mpokeaji wa maombi yote, ndani ya kontena lake, programu ibaki nyuma ikisikiliza poti 3000 (poti ni kama mlango wenye namba), na cheti kitoke kwa shirika la Let's Encrypt, ambao wanatoa vyeti bila malipo tangu mwishoni mwa 2015.

Nikapandisha makontena mawili. Nikafungua kivinjari. Kikazunguka, kikazunguka, kisha kikasema muda umekwisha.

Hapa kuna jambo ambalo ningependa kila anayeanza alijue. Kuna kukataliwa na kuna kusubirishwa. Kivinjari kikikwambia mara moja kwamba muunganisho umekataliwa, mara nyingi maana yake umefika kwenye seva ila kwenye poti hiyo hakuna anayesikiliza. Kikizunguka mpaka muda ukaisha, mara nyingi kuna fayawoli, mlinzi wa milango ya mtandao, njiani inayotupa maombi yako kimya kimya. Ni kama kubisha hodi: nyumba moja unajibiwa hapana, nyingine hata mbwa habweki. Niliingia ndani ya seva kwa SSH, njia ya kuiendesha kwa mbali, nikatumia amri ya curl kuomba ukurasa kwenye poti 80 ya seva yenyewe, na Nginx ikajibu. Basi ndani kuko sawa, kizuizi kiko nje. Nilikuwa nimefungua poti kwenye ufw, fayawoli ya Ubuntu, nikasahau kwamba mwenye wingu ana fayawoli yake, kwenye ukurasa wa kusimamia seva, na ile ilikuwa ikiruhusu poti mbili tu: 22 ya SSH na ile ya zamani ya programu.

Kwa haraka niliyokuwa nayo nikafungua poti zote kwenye fayawoli hiyo ya nje, nikijiambia kwamba ufw itachuja. Nitarudi kulieleza kosa hili.

Sasa ukurasa ukaja, lakini umeandikwa 502. Hiyo ni proksi inayosema: mimi nipo, ninayemtegemea nyuma simpati. Kwenye faili la mipangilio nilikuwa nimeielekeza Nginx kwa 127.0.0.1 poti 3000. Ndani ya kontena, anwani hiyo ni kontena lenyewe, siyo seva, wala siyo kontena la jirani. Nginx ilikuwa inajigongea mlango wake mwenyewe. Nikayaweka makontena yote mawili kwenye mtandao mmoja wa Docker na kuandika jina la kontena la programu badala ya namba. Nikahakikisha pia programu inasikiliza 0.0.0.0, yaani anwani zote za kontena lake, maana ingesikiliza 127.0.0.1 peke yake hata jirani asingeipata. Ikaitika.

Siku ya pili yote iliishia kwenye cheti, na hii ndiyo iliyonichosha. Kwa njia niliyotumia, Let's Encrypt wanathibitisha kwamba domeni ni yako kwa kuja kusoma faili dogo kwenye tovuti yako kupitia poti 80. (Wengine huifunga poti 80 wakidhani ndiyo usalama, kisha cheti kinawagomea.) Yangu ilikuwa wazi. Faili nililisoma mwenyewe kwenye simu, likafunguka vizuri. Certbot, programu ya kuniombea cheti, ikajaribu: 404, yaani faili halipo. Nikajaribu tena, 404. Nikabadilisha njia ya faili, nikabadilisha mpangilio wa Nginx, nikawasha upya kila kitu, nikajaribu na kujaribu mpaka nikaambiwa nimezidisha majaribio. Wana kikomo: ukishindwa mara tano ndani ya saa moja kwa jina lilelile, unasubiri. Wana pia mazingira ya majaribio yenye vikomo vilivyolegezwa, ambayo cheti chake hakikubaliwi na vivinjari lakini kinakuonyesha kama njia imenyooka. Ningeanzia huko ningeokoa mchana mzima.

Nikatoka nje. Upepo wa Dodoma ulikuwa unazoa vumbi la barabara, nikakaa barazani na kusoma upya ujumbe wa kosa, safari hii neno kwa neno. Ndipo nikaona kitu ambacho macho yalikuwa yanakiruka: anwani waliyoiendea haikuwa yangu. Ilikuwa ndefu, yenye nukta mbili mbili katikati. IPv6, aina mpya ya anwani za mtandao.

Domeni ile zamani ilikuwa na ukurasa mwingine kwa mwenyeji mwingine. Nilipohamia kwenye seva mpya niliingia kwenye DNS, orodha inayoelekeza jina la tovuti kwenye anwani ya seva, nikabadilisha rekodi ya A, ile ya IPv4, aina ya zamani ya anwani, nikaiacha rekodi ya AAAA, ile ya IPv6, ikielekeza nyumba ya zamani. Simu yangu ilikuwa kwenye mtandao wa IPv4, kwa hiyo ilifika nyumba mpya bila shida. Let's Encrypt wakiona AAAA wanaanza nayo, wakaenda kwa yule mwenyeji wa zamani kuuliza faili ambalo hana. Alikuwa anajibu ukweli. Nikaifuta rekodi, nikasubiri kumbukumbu za DNS zipitwe na muda, nikajaribu mara moja tu. Cheti kikatoka, cha siku 90.

Kivinjari kikaonyesha muunganisho salama, kisha kikalalamika kwamba kinazungushwa bila mwisho. Programu ilikuwa na kanuni ya kumsukuma kila mtu kwenye HTTPS, njia iliyosimbwa, na kwa kuwa Nginx huzungumza nayo kwa HTTP ya kawaida isiyosimbwa ndani, iliona kila ombi ni la HTTP. Nikaiondoa kanuni hiyo kwenye programu, kazi ya kusukuma watu nikaiachia Nginx. Dakika tano.

Usiku huo sikulala kwa sababu ya zile poti nilizozifungua zote. Asubuhi ya siku ya tatu nikaandika kwenye simu namba ya seva na poti 3000. Daftari zima likafunguka, bila cheti, bila usimbaji wowote, wakati ufw inasema poti hiyo imefungwa. Nilishtuka sana. Maelezo ya Docker yanalisema wazi: unapotangaza poti ya kontena, yaani kuifungua kwa nje, Docker inaandika kanuni zake kwenye iptables, kichujio cha mtandao cha seva yenyewe, na maombi yanapita kabla ya kanuni za ufw kuyagusa. Nilikuwa nimeweka kufuli zuri mlango wa mbele huku dirisha la nyuma liko wazi kwa dunia nzima. Nikaondoa tangazo la poti 3000 kabisa, maana Nginx inaifikia kwa mtandao wa ndani, na fayawoli ya nje nikaiachia poti 80 na 443 (ya HTTPS) kwa watu wote, na 22 kwa anwani yangu tu. Kisha nikabadilisha nywila zote. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ya 2022, inatudai tuzilinde taarifa za watu, lakini hata isingekuwepo, namba za simu na hela za wazee wale wa Hombolo si mali yangu ya kuacha barazani.

Vyeti nikavihifadhi kwenye volumu, hifadhi iliyo nje ya kontena, visipotee nikilijenga upya, na nikapanga Nginx isome upya mipangilio kila cheti kinapohuishwa, kwa sababu bila hivyo inaendelea kushika kile cha zamani.

Jioni nikampigia mama katibu. "Mama, jaribu sasa, na onyo likitokea usiendelee, niambie."

Akafungua, kimya kidogo, kisha: "Yangu imekubali, kufuli nimeliona. Ila ya kijana wa mzani bado inakataa."

Nikaomba picha. Onyo lilisema cheti hakijaanza kutumika. Nikamwomba asome tarehe iliyoandikwa juu ya simu ya yule kijana. Betri ilikuwa imekufa kabisa wiki ile, na simu iliwaka ikiwa imerudi nyuma miaka kadhaa. Wakarekebisha tarehe. Nikasikia kijana akisema kwa nyuma, "Imefunguka, mama," na mama katibu akaanza kumsomea kilo za kreti ya kwanza kabla hajakata simu.