Noti 11
Septemba 2019 kila mtu pale soko la Kongowea, Mombasa, alikuwa anazikimbia noti za zamani za elfu moja. Benki Kuu ilishatangaza kwamba mwisho wake ni tarehe 30. Baada ya hapo ni karatasi ya kufungia karanga. Wateja walionikopa mchele tangu mwaka juzi wakaja kulipa taslimu, wengine bila hata kuulizwa. Nilifurahi kijinga. Nani angekaa kumulika kila noti kutafuta kichwa cha simba, ile alama ya noti halali?

Benki ndiyo iliyomulika. Katika 180,000 nilizopeleka, noti 11 zilikuwa bandia. Karani aliziweka kando, akaandika jina langu, nambari ya kitambulisho na ya simu. Noti bandia hurudishiwi wala hulipwi, kwa hiyo nikajihesabia hasara ya 11,000, nikaenda zangu.

Jumatano iliyofuata, nikiwa mazishini Likoni, wanaume wawili wakafika dukani. "Mwambie mama yako Ijumaa tunamchukua kwa zile noti," walimwambia kijana wangu wa duka. Hawakuacha barua wala jina la kituo. Kijana, Mungu ambariki, aliandika nambari ya gari lao kwenye katoni ya sabuni.

Ijumaa! Kenya nzima inajua maana yake. Katiba inataka ufikishwe mahakamani ndani ya saa 24, lakini saa hizo zikiishia siku ambayo mahakama haikai, unangoja siku ya kazi inayofuata. Ukikamatwa Ijumaa jioni, seli ni yako mpaka Jumatatu.

Kaka akanipeleka kwa wakili usiku uleule. Alipotaja dhamana ya kabla ya kukamatwa, nilikataa. Mtu hajashtakiwa, aombe dhamana ya nini? Si kujitia kitanzi mwenyewe?

"Dada, hukiri chochote," akasema wakili. "Unamwambia jaji uko tayari kuhojiwa, ila usibebwe kama gunia."

Akanionya pia kwamba jaji hatoi amri hiyo kwa kuwa umeogopa tu. Lazima aonyeshwe vitisho vyenyewe, aone haki yako iko hatarini kuvunjwa. Hapo ndipo katoni ya sabuni ilipopata kazi. Kijana alikula kiapo, nambari ya gari ikaingia kwenye hati, na Alhamisi asubuhi ombi likawasilishwa Mahakama Kuu ya Mombasa kwa hati ya dharura.

Alasiri tulipata amri ya muda: nisikamatwe hadi pande zote zisikilizwe, niweke 50,000, na Jumatatu saa tatu niripoti kituoni.

Fedha za dhamana zililipiwa benki. Karani, msichana mwenye hina mbichi vidoleni, aliinua noti moja moja kwenye mwanga, nami nikihesabu naye kimoyomoyo. Ya thelathini na kitu aliitazama mara mbili, akaikwaruza kwa ukucha. Nilitazama mlango. Akaishusha kwenye rundo, akaendelea.

Jumatatu nilifika kituoni na wakili kabla ya saa tatu. Afisa aliisoma amri mpaka mwisho, akainua macho.

"Mama, sisi tulitaka tu kukuuliza ulizipata wapi."

"Basi uliza, afande," nikamwambia, nikavuta kiti.