Nilivyoichora njia ya Kamoʻoalewa kwenye mchanga wa Vumawimbi

Wanafunzi wangu hapa Pemba walisikia kuwa kuna jiwe linaloandamana na Dunia mwaka hadi mwaka, wakanibana: linalizunguka Jua au linatuzunguka sisi? Ubaoni mwendo hauonekani. Nikasubiri bamvua, maji yalipokupwa tukashuka pwani ya Vumawimbi na kamba ya makumbi.

Jiwe lenyewe ni Kamoʻoalewa, asteroidi iliyogunduliwa Aprili 2016 kwa darubini ya Pan-STARRS 1 huko Hawaii. Ni dogo, upana wake unakisiwa kuwa kati ya mita 40 na 100. Nalo hulizunguka Jua kwa takriban mwaka mmoja.

Tulichomeka kigingi kuwa Jua, tukachora duara la Dunia kwa kamba ya pima tano. Kisha tukahamisha kitovu nusu pima pembeni, tukachora duara jengine la ukubwa uleule kuwa njia ya asteroidi. Njia ya kweli ni duaradufu, lakini kwa kipimo kile jicho halioni tofauti. Nusu pima hiyo ni kama kilomita milioni 15, karibu mara 40 ya umbali wa Mwezi. Mwezi wenyewe ulikuwa simbi niliyoiweka sentimita mbili na kidogo kutoka kidole cha mguu cha msichana aliyekuwa Dunia. Walipoiona wakanyamaza kabisa!

Msichana akatembea kiubavuubavu kinyume cha saa, uso kwenye kigingi muda wote. Mvulana aliyekuwa asteroidi nilimwambia akaze mwendo akiwa karibu na Jua, apunguze akiwa mbali, wamalize pamoja. Mwanzo alikuwa mbele ya msichana. Mara nikasikia, "Mwalimu, kaja mkono wa kulia!" Halafu yuko mgongoni, halafu kushoto, halafu mbele tena. Kwake yeye kazungukwa. Tukatazama nyayo: za mvulana zilikuwa duara moja tu, na kigingi kimo ndani. Linalozungukwa ni Jua. Dunia huivuta asteroidi kidogo tu, kiasi cha kuizuia isitutoroke.

Mchanga haukuonyesha kuwa njia hiyo imeinama karibu nyuzi 8 kulinganisha na yetu. Hilo nitalifanya darasani kwa pete mbili za waya, maana wameshaanza kuuliza Tianwen-2, chombo ambacho China ilikirusha Mei 2025, kitachotaje udongo kwenye jiwe linalojizungusha kila dakika 28 hivi.