Kabla hujaongeza dizeli kwenye pampu ya hilo lori

Swali hili haliishi, hasa kwa wenye malori ya dagaa pale Mwaloni Kirumba, Mwanza: eti nikiweka turbo kubwa (feni inayozungushwa na moshi ili isukume hewa kwenye injini), nikabadilisha nozo (zinazopuliza dizeli kwenye silinda), nikafunga na intakula (rejeta ya kupoza hewa ya turbo), gari itavuta zaidi? Itavuta, hilo sina ubishi nalo. Ubishi wangu ni nini kinaanza, maana mafundi wetu wengi wanaanzia mwisho.

Yani mtu analeta lori linachoka mlimani, fundi hata boneti hajaikagua vizuri anashika spana anaongeza dizeli kwenye pampu, gari inatoka hapo inafuka moshi mweusi tii mpaka bodaboda wa nyuma anaziba pua, na mwenye mali anachekelea kabisa kwamba sa hivi mnyama anavuta. Kaka, huo moshi ni hela yako ya sheli inatoka bila kuungua vizuri. Kilo 1 ya dizeli ili iungue yote inataka hewa karibu kilo 14.5, na injini ya dizeli inahitaji zaidi ya hapo ndo isitoe moshi. Ukiongeza dizeli hewa ikabaki ile ile umepata nguvu kidogo na joto jingi, na joto ndo linaloua injini. Pistoni nyingi ni za aluminiamu, inayoyeyuka kwenye nyuzi 660 hivi au chini ya hapo, wakati moshi wa lori lililobanwa mlimani unaweza kupita 700. Pistoni inapona tu kwa sababu oili inaipoza na moto hauiwakii muda wote. Ukizidisha dizeli, hiyo nafasi ya kupona unaila mwenyewe.

Na sisi watu wa kanda ya ziwa tuna letu. Ziwa lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hewa ya huku ni nyepesi kwa kama asilimia 12 ukilinganisha na ya Dar. Gari isiyo na turbo inaumia moja kwa moja, yenye turbo inafidia kwa kuzungusha turbo kwa kasi zaidi, na hapo tunaongelea mizunguko zaidi ya laki moja kwa dakika, kwahiyo ukiwa mtu wa kuchelewesha kumwaga oili usishangae turbo ikianza kulia.

Kuna siku nilikua gereji moja Nyakato, dereva kaja na maneno yake tayari. "Mzee, turbo imekufa, bosi kasema tutafute kubwa." Fundi mzee akamwambia tulia kwanza kijana wangu. Akaingiza mkono akafuatisha ule mpira mnene unaotoka kwenye turbo kwenda intakula, akafika kwenye klipu, pale chini pana tope jeusi, oili imechanganyika na vumbi imeganda. Akaufungua akaukunja, ukachanika pale pale mbele yetu ukafunguka kama mdomo wa sangara. Gari ikiwa sailensa, yani inaunguruma tu imesimama, huuoni ule mpasuko, unafunguka presha ikipanda, yani pale pale unapohitaji nguvu hewa ndo inakimbia. Wakaweka mpira mpya na klipu, wakapuliza filta ya hewa iliyokua imejaa vumbi la Sengerema, gari ikarudi barabarani na turbo yake ile ile.

Kwahiyo mimi ukiniuliza, kwanza rudisha nguvu ya kiwandani, nozo zipelekwe zikapimwe, mipira ikaguliwe, ndo tuongelee kuongeza. Na ukifika kuongeza, anza na intakula kama lori lako ni la zamani halina, au lina kadogo. Hewa ikitoka kwenye turbo inakua ya moto, inaweza kupita nyuzi 100, na hewa ya moto imetanuka, oksijeni inayoingia kwenye silinda inapungua. Intakula inaipoza, silinda inashiba, na moto wa egzosti nao unashuka. Sijui kifaa kingine cha kuongeza nguvu ambacho papo hapo kinapunguza joto. Ila ikijaa tope mbele inageuka blanketi la rejeta, muoshe huyo. Egzosti pana nayo inasaidia, turbo inapumua.

Turbo kubwa siipendi kwa lori la mzigo, basi. Inachelewa kuamka. Kwenye foleni ya Buzuruga na Igoma unaondoka na mzigo kutoka sifuri, unakanyaga, unasubiri, moshi unatoka, afu ndo inakuja nguvu ushakosa gia.

Za kisasa zenye kontroboksi, yani kompyuta ya injini, watu wanazibadilishia programu kwa laptopu, na zinaongezeka kweli, injini yenye afya inaongezeka. Tatizo ni afya. Ukiwa na Hilux yenye injini ya 1KD kwa mfano, zile washa za shaba za nozo zikianza kuvuja, masizi yanaingia kwenye oili yanaziba chujio la chini la pampu ya oili, sasa uje uongeze nguvu juu ya hapo! Na wenye Land Cruiser mkonga yenye injini ya 1HZ wanaotaka kufunga turbo, ile injini ilitengenezwa bila turbo, mgandamizo wake (hewa inavyobanwa kwenye silinda) tayari ni mkubwa, 22.4 kwa 1, wakati ndugu yake 1HD-T aliyezaliwa na turbo yuko 18.6. Ukifunga, presha iwe ndogo na geji ya joto la egzosti iwepo mbele ya dereva, vinginevyo silinda hedi inaweza kupasuka.

Kitu kingine, nguvu ukiipata lazima ipite kwenye klachi, giaboksi na difu, na hivyo vyote bado ni vya zamani. Breki ndo usiseme. Kupanda mlima Sekenke haraka ukienda Dar ni raha, ila ukirudi na shehena utaushuka, na turbo haikusaidii lolote kushuka. Na pale mizani hawakupi tani za bure eti injini ina nguvu.

Fundi akimaliza usimlipe kwa kujaribu gari tupu kwenye lami ya Usagara, kila gari inakimbia pale. Pakia mzigo wako wa siku zote, tafuta mlima unaoujua, angalia ukipanda ulikua unapunguza mpaka gia gani na sa hivi unapunguza mpaka ipi, na mtu akae nyuma aangalie rangi ya moshi.