Herufi O

Babu yangu alikuwa mkulima wa kahawa na migomba upande wa Missenyi mkoani Kagera, si mbali na Mutukula mpakani mwa Uganda, na maishani mwake hakupata kuandika kitu kirefu kuliko jina lake mwenyewe. Asubuhi moja mwanzoni mwa mwaka 1972 alimkuta mwanamume mgeni ameketi shambani kwake, miguu imevimba na shati limechanika mgongoni. Babu alimsalimu kwa Kihaya, naye akajibu kwa Kiswahili cha kambini, kile chenye amri nyingi na adabu kidogo. Alipoulizwa jina alisita, kisha akataja jina la Kiganda ambalo hata kulitamka lilimshinda.

"Nilidhani ni mwizi wa ng'ombe," babu aliniambia miaka mingi baadaye, "mpaka nilipomwona anavyokula."

Mgeni huyo alikuwa ametoka katika gereza la Mutukula, upande wa pili wa mpaka, ambako wanajeshi wa Kiacholi na Kilangi, makabila ya kaskazini mwa Uganda, waliohamishwa kutoka gereza la Luzira walikuwa wakiuawa kwa makundi. Wachache walifaulu kutoroka na kuvuka kuingia Tanzania. Kosa lao lilikuwa jina. Kwa Waacholi na Walangi majina mengi ya wanaume huanza na herufi O, na katika Uganda ya Idi Amin herufi hiyo ilitosha kumtenga mtu na wenzake mbele ya kizuizi cha barabarani au kwenye gwaride la asubuhi.

Mambo hayo hayakuzuka ghafla. Waingereza ndio waliojaza jeshi la Uganda watu wa kaskazini, na Milton Obote, aliyeiongoza Uganda baada ya uhuru na ambaye mwenyewe alikuwa Mlangi, hakuubadilisha mpango huo. Amin alipotwaa madaraka tarehe 25 Januari 1971, Obote akiwa Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola, wanajeshi walisoma redioni sababu 18 za mapinduzi, na miongoni mwake kulikuwa na lalamiko kwamba Lango, eneo la Walangi, ilikuwa ikipendelewa. Kuanzia hapo kabila zima liligeuzwa kuwa kundi la washukiwa. Katikati ya mwaka huo huo wanajeshi wa Kiacholi na Kilangi walichinjwa na wenzao katika kambi za Mbarara na Jinja, na nafasi zao zikajazwa na Wakakwa (kabila la Amin), Wanubi na watu walioandikishwa kutoka Sudan. Wamarekani wawili, Nicholas Stroh na Robert Siedle, waliofika Mbarara kuuliza kilichotokea, waliuawa pia. Dunia ilisikia zaidi habari za hao wawili kuliko za mamia waliowafanya wasafiri hadi huko.

Ninayaeleza haya kwa sababu mtu akitaja mateso ya makabila madogo chini ya Amin, wengi wetu hukumbuka Wahindi pekee, kana kwamba uonevu ulianza Agosti 1972 kwa ndoto ya kuwafukuza aliyodai kuiota. Kwa Wahindi nao ulianza mapema, tena kwa utaratibu wa kiofisi. Mnamo Oktoba 1971 serikali iliendesha sensa ya Waasia peke yao, na Desemba ikawaita viongozi wao mkutanoni ili wakemewe kwa kuficha fedha na kutowaoza binti zao kwa Waafrika. Maombi ya uraia yapatayo 12,000 yaliyokuwa yakisubiri majibu yalifutwa. Kwa hiyo tangazo la kuwapa siku 90 waondoke nchini lilipotolewa, kazi ya kuwahesabu na kuwatenga ilikuwa imekwisha kufanyika, na hata wale waliokuwa raia halali walipangishwa foleni upya ili hati zao zikaguliwe. Wengi walinyang'anywa uraia kwa sababu ya tarehe: waliukana uraia wa Uingereza kwa kuchelewa, au karatasi ya kuthibitisha kwamba waliukana haikuonekana. Mtu aliingia ofisini akiwa Mganda, akatoka hana nchi.

Zaidi ya watu 50,000 waliondoka. Njiani kuelekea Entebbe walisimamishwa kizuizi baada ya kizuizi na kupokonywa saa, bangili na fedha. Wengine walipita Kenya kwa treni hadi Mombasa ili wapande meli, na serikali ya Kenya haikutaka mtu yeyote kati yao abaki njiani. Uingereza, ambayo mwaka 1968 ilikuwa imepitisha haraka sheria ya kuwazuia Waasia wa Afrika Mashariki wenye pasipoti zake yenyewe, ilipokea kama 28,000, huku halmashauri ya mji wa Leicester ikilipia tangazo katika gazeti la Kampala kuwaomba wasiende huko. Walikwenda. Kanada ilichukua maelfu kadhaa, na wale wasio na uraia wa nchi yoyote walipelekwa kwenye makambi ya muda Austria, Italia na Malta. Mwalimu Nyerere aliliita jambo hilo kwa jina lake, ubaguzi wa rangi, wakati viongozi wengi wa Afrika walipokuwa kimya.

Hapa kuna jambo linalonikera nikiwa mtu wa lugha hii. Amri zote hizo za vizuizini zilitolewa kwa Kiswahili, na mwaka 1973 Amin akakitangaza kuwa lugha ya taifa. Mswahili akizungumza Kampala leo, bado yuko mzee atakayekunja sura, kwa maana maneno kama "lala chini" aliyasikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa mtu mwenye bunduki.

Mgeni wa babu alichuma kahawa misimu miwili, akaondoka kwenda Tabora walikohamishiwa wapiganaji wa Obote baada ya uvamizi wao wa Septemba 1972 kushindwa. Mapema mwaka 1979, majeshi yetu yalipokuwa yakisonga mbele kwenda Uganda, alipita tena kijijini akiwa katika Kikosi Maalum, kundi la Waganda waliopigana bega kwa bega na Watanzania. Alishuka kwenye lori, akamshika babu mikono miwili, na safari hiyo akataja jina lake halisi. Lilianza na O.

Sisi wa Kagera, tuliochomewa nyumba na askari wa Amin mwaka 1978, hupenda kuimalizia hadithi hapo, Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979. Lakini Oktoba 1980 jeshi jipya la Uganda, lililojaa Waacholi na Walangi, liliingia West Nile, nyumbani kwa Amin, likaua Walugbara, Wakakwa na wengineo, wengi wao wakulima ambao hawakuwahi kupata chochote kutoka kwa Amin. Mnamo Juni 1981 raia waliokimbilia misheni ya Ombaci karibu na Arua walipigwa risasi humo humo. Mamia ya maelfu walivuka kwenda Sudan na Zaire, miguu imevimba kama ya yule mgeni.

Babu alikuwa akiuliza kila aliyetoka Uganda kama amemwona rafiki yake. Nilipokuwa mtu mzima nilimwuliza kama angependa kujua alikuwa wapi mwezi ule wa Oktoba. Alinyamaza, akaniagiza nikafunge mbuzi.